Mrejesho: mkopo wa DSCR na ripoti ya uchakavu kwa nyumba ya kupangisha Texas, nani alipe na nani aachane nayo

Wakuu kwema? Wabeba boksi wenzangu wa Dallas na Fort Worth wamenisumbua sana na hili swali, kwamba wale watu niliowatumia kwenye dupleksi ni wazuri au matapeli, nimechoka kujibu mmoja mmoja WhatsApp kwa hiyo naandika mara moja hapa. Nawazungumzia wawili, mkopeshaji aliyenipa mkopo wa DSCR na kampuni iliyonitengenezea ripoti ya kuichambua nyumba kwa ajili ya uchakavu, yaani makato ya kodi kwa sababu nyumba inazeeka, ile wanayoiita kosti segregesheni. Majina sitaji. Kampuni za aina hii ziko kibao na zinauza maneno yale yale, ukijua cha kukagua kwa hawa utajua cha kukagua kwa wote.

Nyota zangu kabisa kabla hujachoka kusoma: mkopo tatu kwa tano, ripoti yenyewe kama kazi nne, maneno ya mauzo yaliyokuja na hiyo ripoti moja na nusu. Yaani kazi wanaijua ila wanavyoiuza hapana.

Nyumba yenyewe ni dupleksi ya dola 420,000, pande mbili kila moja vyumba vitatu, mkataba tulisaini Februari 2025 tukafunga, yaani kukamilisha ununuzi, Machi. Nilitoa kianzio asilimia 25 maana yake 105,000 (miaka ya kubeba boksi hiyo, msiulize), mkopo 315,000 kwa miaka 30 riba 7.25.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na DSCR, ni mkopo ambao benki haikuulizi unalipwa shilingi ngapi kazini. Hakuna W-2 (ile karatasi ya mshahara wa mwaka), hakuna payistabu, hakuna kupeleka ritani za kodi za miaka miwili. Wanaangalia nyumba inaweza kujilipia au haiwezi, wanachukua pango la mwezi wanaligawa kwa rejesho la mwezi pamoja na kodi ya majengo na bima, ikitoka 1.0 nyumba inajibeba, ikifika 1.25 wanakuchekea na riba inashuka kidogo. Krediti skoo wanaitazama pia lakini jambo kubwa ni nyumba.

Hapo Texas inatukomesha. Watu wanashangilia hakuna kodi ya mapato ya jimbo, ni kweli haipo, ila kodi ya majengo utaijua. Kwangu ni kama 750 kwa mwezi, bima 250 kwa sababu ya mvua ya mawe inayotoboa mapaa kila masika, rejesho lenyewe la mkopo 2,149, jumla 3,149. Mikataba ya wapangaji ilikuwa 1,800 kila upande maana yake 3,600 na mimi nilishapiga hesabu yangu ya 1.14, mthamini wao akaja akaandika pango la soko ni 1,750 kila upande, na utaratibu wao ni kuchukua lililo dogo kati ya mkataba na makadirio ya mthamini, nikashuka hadi 1.11. Sio kosa lao, ndio sheria zao, lakini hakuna aliyeniambia mapema na kama ningekuwa nimekaa karibu na 1.0 ningeambiwa niongeze kianzio wiki moja kabla ya kufunga. Wewe ukiongea nao waulize swali hilo siku ya kwanza.

Nilichopenda: haraka, makaratasi machache, na waliniruhusu kufunga kwa jina la LLC (kampuni yako mwenyewe) kitu ambacho mkopo wa kawaida wa Fannie Mae, lile shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, haukupi kirahisi. Nisichokipenda ni pointi mbili za mbele, yaani asilimia 2 ya mkopo unailipa siku ya kufunga, 6,300 hiyo, halafu penalti ya kulipa mapema ya ngazi tano. Ukiuza au kurifainansi (kuchukua mkopo mpya kulipa huu) mwaka wa kwanza unalipa asilimia 5 ya deni, wa pili 4, wa tatu 3, hivyo hivyo mpaka inaisha. Ishikeni hiyo penalti kichwani maana nitairudia kwenye uchakavu, na ni jambo ambalo yule wa mkopo hakulisema na yule wa ripoti hakulisema, kila mtu anaangalia kapu lake. Na hizo pointi kwenye kodi huwezi kuzikata zote mwaka huo kwa nyumba ya biashara, unazigawa kwa maisha ya mkopo, 6,300 kwa miaka 30 ni 210 kwa mwaka, vichekesho.

Kama huna asilimia 25 usikimbilie DSCR jamani. Nunua dupleksi, ishi upande mmoja, FHA (mikopo yenye bima ya serikali) wanachukua kianzio cha asilimia 3.5 ukiwa na skoo ya 580 kwenda juu, na Fannie Mae tangu Novemba 2023 wanakubali asilimia 5 kwa nyumba za familia mbili mpaka nne ukiishi humo. Masharti yake ukae humo mwaka mmoja. Ila wale ambao bado hawana grinikadi wajue FHA ilibadilisha masharti 2025, asiye mkazi wa kudumu hapati tena. Na uchakavu unaukata kwa ule upande uliopangisha tu, upande unaolala wewe hapana.

Sasa tuje kwenye uchakavu wenyewe, maana hapa ndipo maswali yenu mengi yako.

Serikali ya Marekani inasema nyumba ya kupangisha ya kuishi watu inachakaa kwa miaka 27.5, jengo la biashara miaka 39, kiwanja hakichakai kabisa. Kwa hiyo kwenye 420,000 yangu unatoa kiwanja kwanza. Kwenye tovuti ya Tarrant Appraisal District, ofisi inayothamini majengo kwa ajili ya kodi, kila nyumba ina thamani ya kiwanja na ya jengo kando kando, ukipiga uwiano wake kwangu kiwanja kinakuja kama 80,000, jengo 340,000. Gawa kwa 27.5 unapata 12,363 kwa mwaka, unaikata kwenye pango bila kutoa hata senti mfukoni.

Ona inavyofanya kazi kwa mwaka mzima wa kawaida. Pango 43,200. Riba ya mwaka wa kwanza kama 22,700, kodi ya majengo 9,000, bima 3,000, ukarabati tuseme 3,000. Umebaki na faida ya 5,500. Toa uchakavu 12,363 tayari una hasara ya karibu 6,900 kwenye karatasi, wakati kwenye akaunti hela imebaki japo kidogo (ukitoa pia lile fungu la mtaji unalorejesha benki, kwangu inabaki kama dola 2,400 hivi, kama hakuna mpangaji aliyehama). Kwa hiyo hiyo hela hulipii kodi mwaka huo. Hii ni bila ripoti yoyote, bila kampuni yoyote, ni haki yako kisheria na fomu mbili za ritani, 4562 na Schedule E, zinatosha.

Kuna wanaofanyiwa kodi na wale jamaa wa msimu, wa sebuleni, anakuingizia pango anakata riba anakata bima basi amemaliza, uchakavu hajauweka kabisa miaka minne mitano. Siku unauza IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) inakuhesabia uchakavu uliochukua AU uliotakiwa kuuchukua, yaani unatozwa kodi ya kitu ambacho hukuwahi kufaidi. Dawa yake ipo na haihitaji kurudia ritani za zamani, inaitwa fomu 3115, unaomba kubadilisha njia ya hesabu na ule uchakavu wote uliopotea unauchukua kwa mkupuo mwaka huu. Mwambie mtu wako wa kodi hilo jina la fomu, akikutolea macho hamia kwa mwingine.

Haya, ripoti. Wazo lake ni kwamba nyumba sio kitu kimoja. Kapeti, makabati ya jiko, friji, jiko, pazia za madirisha, hivyo sheria inavipa miaka 5. Uzio, njia ya gari, zege la uani, miti uliyopanda, miaka 15. Kuta, paa, mabomba yanabaki 27.5. Injinia anakuja anachambua bei yako uliyonunulia anaigawa kwenye hayo mafungu. Sio ujanja wa mtaani, mahakama ya kodi ilishaipa nguvu kwenye kesi ya Hospital Corporation of America mwaka 1997, na IRS wenyewe wana mwongozo wa ukaguzi unaosema ripoti nzuri iwe na vitu gani.

Kilicholipua soko lote ni bonasi. Vitu vya miaka 5 na 15 ukipata bonasi ya asilimia 100 unavikata vyote mwaka wa kwanza. Ilikuwa 100 mpaka 2022, ikashuka 80 mwaka 2023, 60 mwaka 2024, ikaingia 2025 ikiwa 40, halafu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ikairudisha 100 moja kwa moja kwa mali iliyopatikana baada ya Januari 19, 2025. Angalieni hiyo tarehe, kinachohesabiwa ni siku mkataba ulipokubana na sio siku ya kufunga, jamaa aliyebanwa na mkataba Januari 10 akafunga Februari yuko kwenye 40 hata kama funguo tulipokea karibu pamoja.

Basi hawa jamaa walinichaji 2,200. Wapo wa bei chee, programu za mtandaoni unajijazia mwenyewe kwa dola mia kadhaa, na wapo wa elfu tano sita. Hawakuja nyumbani, tulizunguka kwa simu ya video, kijana mmoja muungwana sana ananiambia geuza kamera kule, onyesha chini ya sinki, pima hiyo njia ya gari kwa hatua, akachukua kila kitu. Ripoti kurasa zaidi ya sitini, picha, vipimo, bei ya kila kitu na imetoka wapi, jina na sifa za injinia aliyesaini. Kama kazi sina neno. Matokeo: 46,000 kwenye miaka 5 na 28,800 kwenye miaka 15, jumla 74,800, asilimia 22 ya jengo, ni kiwango ambacho mtu wangu wa kodi alisema hakina makeke.

Ila rasimu ya kwanza ilikuwa na mambo. Kiwanja waliweka asilimia 10 tu ya bei, eti ndio chaguo lao la kuanzia, nikawatumia ule ukurasa wa Tarrant Appraisal District nikawaambia hii ya 42,000 mkaguzi wa IRS ataicheka, wakabadilisha bila ubishi. Na mashine ya kufulia ya mpangaji wa upande wa kulia walishaiweka kwenye orodha ya mali yangu, ikatolewa. Marekebisho bure, haraka, bila kununa. Ndio maana nyota nne. Lakini jiulize ni wangapi wanaosoma rasimu yao, wengi wanaangalia namba ya ukurasa wa kwanza wanaituma kwa mhasibu.

Ukurasa wa kwanza huo sasa!

Ukurasa wa kwanza una namba kubwa ya kijani, AKIBA YA KODI MWAKA WA KWANZA: $30,500. Nikauliza mmeipataje. Wamechukua uchakavu wote wa mwaka wa kwanza, 74,800 ya bonasi pamoja na 7,634 ya jengo lililobaki kwa miezi tisa na nusu, jumla 82,434, wakazidisha kwa asilimia 37. Asilimia 37! Kwa mtu na mke wake mwaka 2025 ngazi hiyo ya kodi inaanza ukishapita mapato ya kutozwa kodi ya 751,600. Nani kati yetu? Sisi wawili pamoja tunaingiza kama 170,000, ukitoa makato ya kawaida ya 31,500 inabaki 138,500, tuko ngazi ya asilimia 22. Na ukikata hasara ya 78,000 (82,434 toa faida yetu ya pango kama 4,400) ile ya juu inaokoa senti 22 kwa dola mpaka ufike 96,950, kuanzia hapo chini inaokoa senti 12 tu. Pigeni wenyewe: 41,550 kwa 22 ni 9,141, iliyobaki 36,450 kwa 12 ni 4,374. Jumla 13,515. Na humo kuna kama 1,200 ambazo ningezipata hata bila ripoti yao. Kwa hiyo ripoti imeniongezea 12,300, bado ni hela nzuri kwa kitu cha 2,200, mngesema hivyo hivyo ningefurahi, kwa nini mniambie 30,500?

Halafu hiyo 12,300 ni kama tu hasara unaruhusiwa kuitumia, na hapa ndipo nawachukia hawa wauzaji. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani. Hata mmoja. Sheria ya tangu 1986 inasema hasara ya nyumba za kupangisha ni pasivu, haigusi mshahara wako. Unaruhusiwa mpaka 25,000 kwa mwaka ukiwa unaisimamia nyumba mwenyewe na mapato yenu hayajazidi 100,000, ukizidi hapo inapungua senti 50 kwa kila dola, ukifika 150,000 imeisha, sifuri. Na hizo namba hazijawahi kupandishwa tangu hiyo 1986, wakati huo laki moja ilikuwa mtu tajiri, leo ni manesi wawili wenye ovataimu.

Chukua mfano wa kawaida wa kwetu, mume dereva wa lori mke nesi, 130,000 kwa mwaka. Amezidi 30,000, nusu yake 15,000, anabakiwa na ruhusa ya 10,000. Ile hasara ya kawaida ya 6,900 niliyoonyesha juu inaingia yote, raha mustarehe, hakuhitaji ripoti. Akinunua ripoti akapata hasara ya 78,000 anatumia 10,000 tu, 68,000 inakwenda kulala kwenye fomu 8582 inasubiri miaka ijayo au siku atakayouza. Haipotei, ni kweli. Ila amelipa 2,200 kwa faida ya elfu tatu na mia moja zaidi ndani ya ruhusa, mia tatu na kitu za kodi, na mlima wa hasara uliofungiwa stoo. Huyo muuzaji anajua kabisa. Ukimbana anasema "ongea na mhasibu wako". Sawa, ila namba ya kijani uliichapa wewe.

Kwetu ilifaa kwa sababu moja, mke wangu. Alipunguza zamu hospitali zikabaki chache kwa mwezi, muda wake mwingi ni hizi nyumba zetu tatu, anahangaika na mafundi, wapangaji, bima, yeye ndiye anayeshika rangi na vigae, mimi ni mtu wa kulipia tu. Ili hasara yote iguse mshahara hata mkizidi 150,000, sheria inataka masaa ya kazi za nyumba zaidi ya 750 kwa mwaka na yawe zaidi ya nusu ya kazi zake zote, na mmoja wenu ayafikishe peke yake, hamchangishi. Mtu wa kodi tuliyemtumia, mama mmoja wa Arlington mwenye leseni ya IRS, kabla hata ya kugusa ripoti aliomba daftari la masaa. Mke wangu analo, tarehe, kazi, nyumba gani, muda. Akaweka na tamko la kuziunganisha nyumba zote tatu zihesabiwe shughuli moja, maana bila hilo tamko unatakiwa uonyeshe umeshiriki vya kutosha kwenye kila nyumba peke yake, wengi linawaponyoka hilo. Huyo mama nyota tano, na malipo yake yalikuwa chini ya hao wa ripoti.

Na yeye ndiye aliyetuambia tusichukue bonasi yote. Kwamba mnaweza kuikataa kwa fungu zima, mkachukua bonasi kwenye vitu vya miaka 5 na kuikataa kwenye vya miaka 15, hiyo 28,800 ikaenda taratibu, mwaka wa kwanza inakatwa asilimia 5 tu, 1,440. Hasara ikashuka kutoka 78,000 hadi 50,600 hivi, tukaokoa kama 10,200 mwaka huu badala ya 13,500, na yale makato yaliyobaki tunayatumia miaka ijayo tukiwa ngazi ya 22 badala ya kuyachoma kwenye ngazi ya 12. Kampuni ya ripoti haina habari na hayo, kwao namba ikiwa kubwa ndio tangazo.

Njia nyingine mtaisikia sana ni ya Airbnb. Wageni wakikaa kwa wastani wa siku 7 au chini haihesabiwi kuwa ni kupangisha kwa ile sheria ya pasivu, kwa hiyo ukishiriki mwenyewe vya kutosha, mfano masaa zaidi ya 100 na hakuna mwingine aliyefanya mengi kuliko wewe, hasara inagusa mshahara hata ukiwa na W-2 kubwa. Ni kweli. Lakini ukimpa kampuni ikuendeshee umeshajitoa, huyo msafishaji wako tu anaweza kukuzidi masaa, na jengo linahama kwenye 27.5 linaenda 39. Watu wa TikTok hawafiki hapo.

Turudi kwenye penalti sasa. Tuseme umechukua DSCR kama yangu, umefanya ripoti, umeokoa hizo elfu kumi na mbili, mwaka wa pili bei zimepanda unataka kuuza. Asilimia 4 ya deni la karibu 312,000 ni 12,500. Faida yote ya ripoti imekwenda kwa mkopeshaji. Na bado IRS, vile vitu vya miaka 5 ulivyovikata vinarudi kutozwa kwa ngazi yako ya kawaida, uchakavu wa jengo unatozwa mpaka asilimia 25. Unaweza kuikwepa kwa muda kwa njia ya 1031, kubadilishana na nyumba nyingine, siku 45 za kuitaja na 180 za kufunga, ila hiyo haiondoi penalti ya benki. Kwa hiyo ripoti na mkopo wa namna hii vinakwenda kwa mtu anayekaa na nyumba muda mrefu, anayegeuza nyumba haraka haraka hapana. Nilipomuuliza yule wa mkopo kama naweza kununua penalti fupi, alisema ndio, miaka mitatu badala ya mitano kwa riba ya juu kidogo, nikachukua mitano kwa sababu hatuuzi. Ila lilikuwa chaguo na hakulileta mezani mpaka nilipouliza.

Wasiwasi mwingine niliousikia sana, kwamba ukionyesha hasara kwenye ritani utanyimwa mkopo wa nyumba ya pili. Hapana. Mkopo wa kawaida wakikusomea Schedule E wanaurudisha uchakavu juu ya mapato, wanarudisha na riba na kodi na bima halafu wanatoa rejesho lenyewe, kwa sababu wanajua uchakavu sio hela iliyotoka. Kinachokuumiza ni ukarabati mkubwa uliouandika wote kama gharama ya mwaka mmoja, huo hawaurudishi hivi hivi.

Kuna waliouliza kuhusu nyumba za nyumbani, Kigamboni, Tegeta, Goba. Ukiwa mkazi wa kikodi wa Marekani pango la huko unatakiwa ulitaje huku, na uchakavu unapata ila bonasi hakuna na ripoti hii haina maana, ni miaka 30 mstari ulionyooka basi. Kule nyumbani TRA wanachukua asilimia 10 ya pango lote na mtu binafsi hana cha kukata, hakuna riba, hakuna uchakavu. Sijasema ipi bora, ila msichanganye hesabu za kule na huku kwa sababu nimeona mtu ameandika ritani ya IRS kwa mtindo wa TRA.

Ningewatumia tena? Mkopeshaji, kwa nyumba ya LLC ndio, baada ya kumuuliza kwanza kuhusu penalti na pango la mthamini. Wa ripoti ndio kwa jengo la kuanzia laki tatu na kuendelea, na ukipiga simu bei yao inashuka, kwangu walianza na 2,900. Mpigie mtu wako wa kodi kabla yao, mwambie akupe ngazi yako na kama hasara yako itafunguka au italala, akikwambia italala baki na 27.5 yako ya bure. Rasimu ikija nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenye thamani ya kiwanja.